Mdudu wa Leon Hakutoka kwa Mbuzi Wako

Kwako Mama, mzazi wa Baba Leon,

Kabla hii barua haijakufikia huko Bungoma, watu wengine watakuwa wameshaisikia. Nimemwomba jirani yako Mama Shiru aisome kwa sauti pale kwenye mfereji wa ploti, Kongo ya Kawangware, Jumamosi asubuhi wakati kila mtu amepanga mitungi yake. Akimaliza ataikunja ampatie Baba Leon, naye atakutumia. Tafadhali usione ni kama nakuanika. Yale maneno niliyokutupia niliyatupa hapo hapo, mitungi ikiwa imepangwa hivyo hivyo, na hakuna aliyekuwepo ambaye hakusikia. Nikikuomba msamaha kwa simu, utajua wewe peke yako. Wao watabaki na ile ya kwanza.

Halafu simu zangu huzishiki. Sikulaumu kwa hilo.

Unajua mimi shule niliishia darasa la nane, kwa hivyo nitaandika vile naongea. Pale nimekosea kuandika, soma tu vile ungenisikia.

Nakumbuka siku ya kwanza nilipokuja kwa ile ploti na tumbo la miezi sita. Baba Leon alikuwa amekwambia analeta mke, hakukwambia kuna tumbo. Ulinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, ukamtazama yeye, ukasema, "Kumbe wamekuja wawili." Halafu ukanivutia kile kigoda chako cha kukamulia, ambacho hukuwahi kukamulia chochote Nairobi, ukaniambia nikae nisibebe mtungi tena mpaka nizae. Na kweli sikubeba. Ulikuwa unabeba wewe, huku mbuzi wanne wanakufuata nyuma kama wanafunzi.

Wale mbuzi nilianza kuwapenda kabla sijawachukia, nataka ujue hivyo. Yule mweupe wa masikio marefu uliyemwita Chairlady kwa sababu hakuna mwingine angeingia zizini kabla yake. Asubuhi ulikuwa unaenda sokoni Kawangware kuwaokotea majani ya kabeji na maganda ya ndizi, unarudi na gunia kichwani, na Chairlady anakungoja kwenye kona ya kinyozi. Mama Shiru alikuwa anakuambia, "Wewe una watoto watano, mmoja ndiye ana miguu miwili." Ulikuwa unacheka sana hiyo.

Leon alipozaliwa ukampa jina la mume wako, Wekesa, na kutoka siku hiyo ukaacha kumwita mtoto. Ukawa unamwita Mzee. "Mzee ameamka?" "Mzee amekula?" "Mzee amekojolea mama yake tena?" Mimi nikienda kufua nguo za watu Lavington, wewe ulikuwa unamfunga mgongoni na kanga, unafagia zizi naye, unawapa mbuzi maji naye. Nikirudi jioni nilikuwa nampata amelala na kichwa chake kinanuka moshi wa jiko lako. Sikuwa nasema asante. Nilikuwa naona ni kawaida, nyanya hulea mjukuu.

Tulikuwa tunabishana kitu kimoja tu, maji. Wewe kila maji ya Mzee ulikuwa unachemsha. Mimi nilikuwa nimepewa ile dawa ya maji kliniki, ya kutia kifuniko kimoja kwa mtungi, na nikawa nakuambia unachoma makaa bure. Ulinijibu, "Mimi dawa siioni ikifanya kazi. Moto naona." Nilikucheka. Nikamwambia hata Baba Leon kwamba mama yako bado ako kijijini.

Halafu Leon akaanza kuendesha tumbo. Alikuwa na miezi minane. Hata wewe hukuwa umeona kitu kama kile, ulikubali mwenyewe. Maji tu, mara saba, mara nane kwa siku, na harufu ambayo hata beseni likisuguliwa ilikuwa inabaki. Wewe ukasema ni meno. Ukampapasa ufizi na kidole ukasema jino hili hapa, linasukuma. Mimi nikasema si meno. Hapo nilikuwa sawa mimi, Mama, nikubalie hiyo moja. Tulienda kliniki tukapewa zile pakiti za chumvi za kukoroga na vidonge vya zinki, na yule nesi akamzungushia mkononi ule utepe wa kupima kama mtoto amekonda, utepe ukasoma manjano, rangi ya onyo. Ulimbeba wewe kurudi nyumbani.

Wiki hiyo ndipo walikuja wale watu wa utafiti. Faith, yule msichana wa miwani, na daktari wa mifugo, yule mwanamume wa makamo mwenye gamubuti. Walikuwa wanapita nyumba zenye watoto wanaoendesha, hapo Kongo na upande wa Kibera pia, na wakaeleza kwamba wanataka kupima watu, wanyama na maji, vyote pamoja. Tukasikiliza. Tukaweka sahihi. Halafu Faith akasema kwa adabu kabisa, "Sasa Mama, tunaomba choo ya mtoto."

Ukasimama. Ukafuta mikono kwa kanga. "Mtoto hana choo yake. Choo ni moja, ya ploti nzima. Twende niwaonyeshe."

Na ukawapeleka. Mimi nilikuwa nanyonyesha, nikawa nawaona tu kwa mlango, wewe mbele, Faith na fomu zake, daktari na boksi la barafu begani. Ulifungua ule mlango wa mabati, ukarudi nyuma hatua moja, ukawaambia, "Hii ndiyo. Imejaa tangu mwaka jana. Mwandike hivyo hivyo."

Faith alishika mdomo. "Mama, si hiyo choo. Ile choo anafanya. Ile anaenda."

"Mavi?"

"Eeh. Hiyo."

"Si ungesema tu mavi, msichana wangu. Mavi tuko nayo nyingi tangu Jumapili."

Mfereji mzima ulicheka. Mama Shiru akasema, "Mitaa mingine inaombwa kura, sisi tunaombwa mavi." Faith mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Nilikuwa sijacheka kwa siku nne, nikacheka na mtoto kifuani.

Walitupa kile kikopo cha Leon chenye kifuniko cha bluu na kakijiko ndani, na wewe wakakupa chako kwa sababu ndiye ulikuwa unashika mtoto na mbuzi. Halafu yule daktari akavaa glavu akaingia zizini. Watatu walikubali. Chairlady alipoguswa huko nyuma aliruka ukuta mdogo akapitia katikati ya nguo zangu nilizoanika, daktari nyuma yake na kikopo. Ukamwambia, "Umemkosea heshima. Huyo ungemwandikia barua kwanza." Wakachukua pia maji ya mfereji, ya mtungi wetu, na ya ule mtaro unaopita nyuma ya zizi. Kila kikopo wakakiandika namba. Walipoondoka ukaniambia, "Hawa watoto wamesoma sana mpaka wamerudi kwa mavi." Lakini ulisema kwa upole, ulikuwa umewapenda.

Sasa nafika pale.

Baada ya wiki mbili hivi Faith alirudi na majibu. Wewe ulikuwa sokoni. Nataka niandike alivyosema, kwa sababu nimemwomba arudie maneno yake ili nisidanganye tena. Alisema, "Tumepata mdudu kwa choo ya Leon. Anaitwa kripto. Na mbuzi mmoja pia tumepata kripto." Alisema na kitu kingine: "Lakini haya ni majibu ya kwanza tu, ya hadubini. Tumepeleka mbele, tungoje ya pili." Hiyo ya pili mimi sikuisikia. Masikio yangu yalikuwa yamefungwa tayari. Nilikuwa nimesikia mdudu kwa mtoto, mdudu kwa mbuzi. Mdudu ni mdudu. Nikaona ni yule mmoja ametoka zizini, akapanda kwa kanga yako, akaingia kwa mdomo wa mtoto wangu.

Ulipoingia na gunia kichwani nilikuwa kwenye foleni ya maji. Sikungoja uteremshe. Nilisema mbuzi zako zinaua mtoto wangu na wewe unazibusu. Nilisema umelea mbuzi kuliko mtoto wa mwanao. Ukasema kwa sauti ya chini, bado na gunia kichwani, "Leon ni wangu pia."

Nikakujibu, "Wako ni wale wenye mikia."

Mtu mmoja alicheka pale kwenye foleni. Mpaka leo sijui ni nani na sitaki kujua. Niliona uso wako kilipotoka kile kicheko. Matusi yangu ungeyabeba, umenibebea mengi. Kile kicheko hukukibeba.

Ulipeleka gunia zizini, ukawapa mbuzi majani, kila mmoja na fungu lake kama kawaida.

Mwenye ploti akasikia kufika jioni, si unajua pale maneno hayalali. Akasema mbuzi watoke kabla wiki kuisha, hataki ploti yake iitwe ya magonjwa. Ijumaa akaja mnunuzi na kamba zake. Wewe ukamwambia kamba zake ni za kuumiza, ukampa zako. Chairlady alitoka wa kwanza, kama kawaida yake. Jumapili baada ya kanisa ukafunga nguo za kurudi Bungoma. Ulisimama nje ya mlango wetu na Baba Leon, mimi nikiwa ndani nikigonganisha sufuria ambazo zilikuwa safi, na nikakusikia ukimwambia, "Mzee asikose uji wa saa nne." Nilingoja uingie nikasirike tena. Hukuingia.

Mama, nilikaa na hasira yangu kama mtu aliyefanya kazi nzuri. Leon alipona pole pole, nikasema unaona, mbuzi wameenda na ugonjwa umeenda.

Miezi mitatu baadaye Baba Leon akapata kazi ya mjengo upande wa Kibera, tukahamia Sarang'ombe. Kwa sababu hukuwepo, nikimaanisha kwa sababu nilikufukuza, ilibidi Leon niwe namwacha bebikea. Watoto kumi na wawili chumba kimoja na mama mmoja mwenye roho nzuri na mikono miwili tu. Hapo hakuna mbuzi. Hakuna hata kuku. Kiumbe wa miguu minne aliye karibu ni paka wa muuza omena, na huyo hana wakati wa mtu.

Na Leon akaendesha tena. Maji yale yale. Harufu ile ile. Nilipofungua nepi nikaketi chini kwa sakafu, kwa sababu hiyo harufu niliitambua kabla ya kitu kingine chochote, na nilikuwa nimeapa mbele ya watu kwamba ni ya mbuzi.

Kliniki ya huko nikakutana na nani? Faith, na vikopo vyake. Alimtambua Leon kabla hajanitambua mimi. Safari hii wakataka choo ya nyumba nzima, hata mimi na Baba Leon. Baba Leon alitoa siku hiyo hiyo, yeye haoni aibu ya kitu. Alipoambiwa jina la mdudu akasema, "Kripto? Si hiyo ndiyo vijana wanapoteza nayo pesa kwa simu?" Mimi nilikataa. Tumbo haliniumi, mimi ni mtu mzima, nikabidhi kikopo kama hicho kwa mtu nitakayekutana naye tena barabarani? Kilikaa chini ya kitanda siku tatu. Faith akaja akakiona kitupu, akaniambia, "Mama Leon, hata mimi nilipimwa. Hata mkubwa wetu. Sote huenda." Basi nikatoa. Nilikifunga kwa karatasi tatu kama zawadi.

Majibu ya kwanza yakatoka, kripto tena kwa Leon. Nikamwambia Faith, "Lakini hapa hakuna mbuzi."

Akaacha kuandika. "Nani alisema ni mbuzi?"

"Wewe. Kongo."

"Mimi nilisema tumepata kripto kwa mtoto na kripto kwa mbuzi. Sikusema ni mmoja. Nilisema tungoje." Akatoa simu yake akanionyesha picha waliyopiga kwa hadubini, rangi ya kijani imejaa, na ndani vitone vya mviringo, vya waridi, kama shanga zilizomwagika. "Huyu ni wa Leon." Akasongeza. "Huyu ni wa mbuzi wa Kongo." Mama, mimi sikuona tofauti. Akasema hata yeye haoni, hakuna jicho linaloona, ndiyo maana wanapeleka mbele kwa DNA.

"DNA? Ile ya kutafuta baba ya mtoto?"

"Hiyo hiyo."

"Mdudu naye anatafutiwa baba?"

Alicheka, lakini akaniambia ni karibu hivyo. Kripto ni kama jina la ukoo. "Kawangware kuna Wanjiru wangapi?"

"Hawahesabiki."

"Mmoja akikosea, utashika wote?"

Nilikuwa nimeshashika.

Ile DNA ya Kongo ilikuwa imetoka zamani. Walinitafuta pale ploti wakaambiwa nimehama, na namba niliyowapa ilikuwa ya ile simu iliyoanguka kwenye beseni la nguo. Ile ya Sarang'ombe ilipotoka baada ya wiki chache, Faith alikuja akanisomea zote mbili polepole, na mimi nakuandikia polepole. Mdudu wa Leon wa Kongo ni wa watu. Anaishi kwa watu, anatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Mdudu wa Leon wa Sarang'ombe pia ni wa watu. Yule wa mbuzi wako ni wa aina nyingine, aina ambayo kawaida hukaa kwa mbuzi tu, na hata mbuzi mwenyewe hakuwa mgonjwa. Hakumgusa mtoto. Mbuzi wako hawakumfanya Leon kitu.

Nikauliza, "Na kikopo changu?"

Faith alifunga daftari kwanza. Akasema, "Wako ni yule yule wa Leon."

Mama, hiyo ningeweza kuificha. Baba Leon hakuwepo, na Faith hawezi kumwambia mtu, ni siri ya kazi yao. Lakini nikiificha nitakuwa nimekuomba msamaha nusu. Nilisimama mbele ya watu nikasema uchafu uko kwako, na huyo mdudu wamempata kwangu mimi, na hata tumbo halijawahi kuniuma. Wewe hukuwa naye. Ulitoa kikopo chako Kongo bila kubishana, na karatasi ya majibu yako, aliyopewa Baba Leon akutumie, inasema kilikuwa safi. Hata mtu asiyejua kusoma angeisoma hiyo karatasi.

Nilimuuliza kama ni mimi niliyempa Leon. Akasema hajui, na hakuna mashine itakayojua. Labda mimi nilimpa, labda yeye alinipa nikimpangusa, labda sote tulipata kwa mwingine, bebikea au kwenye maji. Akasema wao hawatafuti wa kulaumiwa, wanatafuta njia mdudu anapitia ili waizibe. Nikamwambia mimi nilitafuta wa kulaumiwa na nikampata siku hiyo hiyo.

Akanionya pia nisianze sasa kutangaza kwamba mbuzi ni malaika. Kuna kripto mwingine wa ndama na mbuzi ambaye huingia kwa watu, kwa hivyo mtu akitoka zizini anawe na sabuni, na mtoto asitambae huko. Nakuambia hii kwa sababu nakujua, ukisikia umeshinda kesi utamfungia mtoto zizini alale huko.

Na kuhusu maji. Niliuliza mbona niliweka dawa kila siku na mdudu akapita. Akasema huyu ana ganda gumu, dawa ya mtungi inaua wengine wengi lakini huyu anaogelea humo kama kwake. Kinachomuua ni kuchemsha. Moto, Mama. Ule unaouona.

Sasa hivi maji ya Leon nachemsha mpaka yatoe mapovu makubwa, naweka dawa pia kwa ajili ya hao wengine, na nimemwonyesha mama wa bebikea. Nepi zina beseni lake, mboga zina lake. Nanawa na sabuni kila nikimpangusa, hata kama ni mara nane. Leon ana mwaka mmoja na miezi tisa. Utepe wa mkono umesoma kijani, yaani yuko sawa, mara mbili mfululizo. Anatembea akiwa ameweka mikono nyuma kama mtu anayekagua shamba, na kila anayemwona anasema huyu ni mzee, wala sijawaambia chochote. Meno anayo kumi na mawili na hakuna hata moja lililotoka na kuendesha, nimekuandikia hiyo makusudi.

Nilienda Kongo wiki jana. Nilimwambia mwenye ploti yote, pamoja na ya kikopo changu. Aliangalia chini. Pale kwenye zizi amejenga vyumba viwili na vimeshapata wapangaji, kwa hivyo hapo hakuna kitu naweza kurudisha. Chairlady sijui ako wapi, na nadhani sote tunajua. Mama Shiru alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Kwa hivyo wewe ndiye ulikuwa na mkia." Nilistahili. Halafu akaniambia lete hiyo barua, nitaisoma mimi, na nitaisoma polepole.

Sikuombi urudi Nairobi. Ulimwambia Baba Leon huko kanisani kwenu umepewa kazi ya kupanga viti vya wageni, naye anasema umenenepa. Kaa. Wala sitakuambia ulikuwa unajua kila kitu, kwa sababu meno hukujua. Nakuambia tu kwamba ulimlea mtoto wangu kwa mikono safi, na mimi nilisema mbele ya watu kwamba ni michafu. Nilikosea. Leon ni wako. Alikuwa wako siku ile na ni wako leo.

Baba Leon amepewa siku nne za ruhusa mwisho wa mwezi. Tunakuja sote watatu. Najua hujanialika. Tukifika, mchukue Leon uingie naye ndani, ule naye, umwonyeshe nyumba. Yeye hajakukosea kitu. Mimi nitabaki nje uwanjani na mizigo. Kama ni saa moja, kama ni siku nzima, usiharakishwe na mtu. Nitajua kungoja, mara hii.

Mke wa mwanao,
Mama Leon
Sarang'ombe, Kibera